Zabibu Zilifika Zikiwa Kavu: Divai Nyekundu na Maneno ya Kuielezea

Kiarabu kina maneno mawili. Tunda bichi lililochumwa leo, lenye maji tele, ni inab. Likishaanikwa likasinyaa, linabadilika jina na kuwa zabib. Sisi Waswahili tulichukua neno la pili peke yake, tukalivika tunda zima: liwe mtini, liwe sokoni, liwe ndani ya pilau. Ndiyo maana leo tunalazimika kusema "zabibu kavu", maneno ambayo kwa sikio la Mwarabu ni kama kusema "kitu kikavu kilichokauka".

Sababu haiko mbali. Tunda bichi halivumilii wiki kadhaa za bahari ndani ya jahazi. Tende zilivumilia, zilikuja na pepo za kaskazi kutoka Basra na Omani mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, na chochote kilichokaushwa vizuri kilikuwa na nafasi ya kufika salama. Neno lenyewe linatuonyesha mwambao ulikutana na nini kwanza: ile punje nyeusi, tamu, yenye mikunjo. Kwetu tunda kavu lilitangulia, na bichi likaja baadaye likarithi jina.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kuzungumzia divai nyekundu ambazo wajuzi wake huzielezea kwa majina ya matunda makavu: zabibu kavu, tini, tende, plamu kavu. Mtu wa huku akisoma maelezo ya namna hiyo nyuma ya chupa, mara nyingi anaona ni mbwembwe za Wazungu. Mimi naona vingine. Historia ya divai hizo ni ndefu, sehemu yake muhimu imepita Afrika, na maneno ya kuielezea yako jikoni kwetu. Na wewe usiyekunywa, usifunge ukurasa. Leo tunaonja maneno.

Mkulima wa Karthago

Kukausha zabibu kabla ya kuzikamua ni jambo la kale mno. Hesiod, mshairi wa Ugiriki aliyeishi karibu na mwaka 700 KK, anampa nduguye Perses maelekezo ya kilimo kwa kufuata nyota. Msimu ukifika, anamwambia achume vishada vyote, aviache wazi juani siku kumi mchana na usiku, kisha avifunike siku tano, na siku ya sita amimine kilichopatikana kwenye vyombo. Hakuna maelezo ya ladha hapo. Ni kazi tu, imehesabiwa siku kwa siku.

Maelezo kamili zaidi yanatoka Afrika. Karthago, mji uliokuwa mahali ilipo Tunisia ya leo, ulikuwa na bingwa wa kilimo aitwaye Mago, aliyeandika vitabu 28 kwa lugha ya Kipuniki. Warumi walipouteketeza mji huo mwaka 146 KK, maktaba zake waliwaachia wafalme wadogo wa Afrika kana kwamba hazina maana. Lakini vitabu vya Mago hawakuviacha. Baraza la Senati liliamuru vitafsiriwe kwa Kilatini. Fikiria hilo: mji unachomwa, watu wake wanauzwa utumwani, halafu mwongozo wao wa shamba unabebwa kwa uangalifu kama yai.

Maandishi ya asili ya Mago yamepotea. Tunayajua kwa vipande, na kimoja kimehifadhiwa na Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza BK. Ni namna ya kutengeneza divai iliyoitwa passum. Chuma zabibu zilizoiva sawasawa, uondoe punje zenye ukungu au zilizopasuka. Simika miti, weka matete juu yake, tandaza vishada juani; usiku vifunike visipate umande. Zikishakauka, nyofoa punje, zitie mtungini, zimwagie maji mapya ya zabibu mpaka zifunikwe. Siku ya sita, zikamue. Mtu yeyote aliyewahi kuona mama akianika samaki au mboga juu ya chanja, na mtoto akiwekwa kulinda isije mvua, ataielewa kazi ya Mago bila mwalimu.

Jina passum lenyewe linatokana na kutandaza, yaani zabibu zilizotandazwa. Na Waitaliano hadi leo huita divai za aina hiyo passito. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Roma ya zamani iliwakataza wanawake divai, ila passum waliruhusiwa. Eti ile ilikuwa tamu tu! Wanaume walioweka sheria hiyo ama hawakujua kuonja, ama wanawake walijua kunyamaza.

Kabla hatujaondoka upande huu wa bahari, tazama kisiwa cha Pantelleria. Ni mali ya Italia, lakini kiko karibu na Tunisia kuliko Sicily. Huko kuna aina ya zabibu nyeupe inayoanikwa juani ili kutengeneza passito, na jina lake ni zibibbo. Ndiyo, ni zabib ileile ya Waarabu, waliowahi kukitawala kisiwa hicho. Kwa hiyo mkulima wa Pantelleria na muuza matunda wa Kariakoo, bila kujuana, wanaliita tunda lao kwa neno moja, na wote wawili wamelirithi kutoka kwenye tunda kavu.

Kinywaji cha kutafuna

Sasa twende Verona, kaskazini mwa Italia, miaka ya 530 BK. Nchi iko chini ya wafalme wa Waostrogothi, na barua za serikali zinaandikwa na Cassiodorus, Mrumi msomi mwenye kalamu isiyojua ufupi. Moja ya barua zake inamwagiza ofisa aende kwa wenye mashamba ya Verona kutafuta divai ya meza ya mfalme, iitwayo acinaticum.

Barua ya kikazi ingeweza kuishia hapo. Cassiodorus hakuweza. Anaeleza kwamba zabibu huchumwa majira ya vuli na kuning'inizwa kichwa chini, zikatunzwa zikauke polepole badala ya kuyeyuka. Ifikapo Desemba ndipo hukamuliwa. Wakati divai za wengine zimeshaanza kuzeeka ghalani, hii ndiyo kwanza inazaliwa. Anasifu rangi yake ya zambarau ya kifalme. Halafu anafika kwenye uzito wake mdomoni, na hapo anatafuta neno. Anasema unaweza kuiita nyama iliyo majimaji, au kinywaji cha kula.

Nimeyarudia maelezo hayo mara nyingi, na kila mara naona jambo moja: hakuna tunda ndani yake. Hataji tini, hataji plamu. Anazungumzia nyama, kula, na rangi ya nguo ya mfalme. Mtu mwenye elimu kubwa kuliko wengi wa zama zake, akiwa na divai iliyotoka kwenye zabibu kavu kabisa mkononi, hakuona haja ya kusema "naonja zabibu kavu".

Zile orodha ndefu za matunda tulizozoea kwenye chupa ni za juzi tu. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha pamoja na wenzake mfumo wa maneno ya harufu za divai, ambao baadaye ulijulikana kama gurudumu la harufu. Ni duara lenye tabaka tatu: katikati maneno mapana kama "matunda", nje yake makundi, na ukingoni vitu vyenyewe. Kwenye kundi la matunda makavu aliweka jamu ya stroberi, zabibu kavu, plamu kavu na tini. Nia yake ilikuwa njema: maneno kama "ya kiungwana" au "yenye haya" hayapimiki, lakini tini unaweza kumpa mtu ainuse. Ila angalia vitu vyenyewe vinatoka wapi. Vinatoka kwenye kabati la jikoni la California. Ukwaju haumo, na tende hazimo.

Kosa lililopata jina

Nyuma ya Verona kuna vilima vya Valpolicella. Huko desturi ya acinaticum haikufa; ilibadilisha jina tu. Divai tamu ya zabibu kavu ikaitwa recioto, kutokana na neno la lahaja ya huko lenye maana ya sikio, kwa sababu walipenda kuchagua zile sehemu za juu za kishada zinazochomoza pembeni kama masikio, zinazopata jua zaidi.

Kazi haijabadilika sana. Zabibu za aina ya Corvina, Corvinone na Rondinella huchumwa Septemba na Oktoba, zikapangwa kwenye chanja za matete au kwenye trei katika vyumba vyenye upepo. Zinakaa humo miezi mitatu hadi minne, zikipoteza maji mpaka uzito wake upungue kwa asilimia 30 hadi 40. Kinachobaki ni sukari, uchachu, rangi na ukakasi, vyote vimejikusanya. Zinapokamuliwa ni katikati ya baridi. Chachu, wale viumbe wadogo wanaogeuza sukari kuwa kileo, wanafanya kazi kwa kusuasua. Baridi ikiwazidi wanalala, na sukari iliyobaki inaifanya divai kuwa tamu. Hiyo ndiyo recioto.

Lakini wakati mwingine chachu hawakulala. Walikula sukari yote mpaka ikaisha, na pipa lililotarajiwa kuwa tamu likatoka kali, lenye kileo kingi na uchungu mwishoni. Wakulima waliliita recioto scapà, yaani recioto iliyotoroka. Ilikuwa hasara.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika ghala la ushirika wa Valpolicella, mkuu wa ghala Adelino Lucchese alikuta pipa la recioto lililosahaulika. Alipolionja, utamu ulikuwa umetoweka. Badala ya kulisikitikia, akatangaza kuwa huo si uchungu wa kawaida, huo ni uchungu mkubwa. Kwa Kiitaliano amaro ni chungu, na amarone ni chungu kikubwa. Huenda kisa kimepambwa kadiri kilivyosimuliwa, kama visa vyote vizuri. Jina lakini lilishika. Mwaka 1968 sheria ya Italia ilitambua divai za Valpolicella kwa asili yake, na kuanzia mavuno ya 2010 Amarone imo kwenye daraja la juu kabisa la sheria hiyo. Kileo chake hakiruhusiwi kushuka chini ya asilimia 14, na inakaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa. Leo ni miongoni mwa divai ghali za nchi hiyo.

Pipa lile halikubadilika usiku kucha. Kilichobadilika ni kwamba jana lilikuwa "recioto iliyotoroka", na leo lina jina lake lenyewe. Wakulima walewale, zabibu zilezile, chanja zilezile. Anayedhani maneno ya kuonja ni pambo tu awaulize watu wa Valpolicella neno moja limewaingizia kiasi gani.

Sifa huku, lawama kule

Ladha ya tunda kavu ndani ya divai nyekundu inaweza kuingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni huo wa chanja. Wa pili ni jua kali: zabibu zikiachwa mtini mpaka zianze kunyauka, divai inapata utamu wa jamu na zabibu kavu hata kama hakuna aliyezianika. Wa tatu ni umri. Divai iliyokaa miaka mingi inapoteza harufu ya tunda bichi, ikapata ya tunda kavu, kisha ngozi, tumbaku na majani makavu.

Mwonjaji mzoefu hujaribu kujua ni mlango upi. Amarone nzuri ina harufu ya tende na cheri iliyokaushwa, lakini ulimi bado unachangamka kwa uchachu, na ukakasi unashika ufizi. Divai ya jua kali mara nyingi inajaa mdomoni haraka, ikaacha joto la kileo. Ya uzee inakuja taratibu, rangi yake ukingoni mwa bilauri ikielekea kwenye matofali. Kuna pia iliyochoka kabla ya wakati: harufu ya plamu kavu ipo, lakini nyuma yake hakuna kitu, kama juisi iliyosahaulika mezani.

Huyu wa mwisho aliwahangaisha watu wa Bordeaux. Mwaka 2008 watafiti wa huko walichapisha kazi iliyobaini kemikali mojawapo inayoleta harufu ya plamu kavu katika divai nyekundu zilizozeeka mapema, na wao waliihesabu kuwa dosari. Kumbe harufu ya familia ileile inayomfanya mtu wa Verona atabasamu inamkunja uso mtu wa Bordeaux! Pua ni pua. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alitarajia kukikuta.

Bordeaux hiyohiyo ilitoa jaribio lingine maarufu, lililochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliona wekundu, na ulimi ukaenda kuokota maneno ya vitu vyekundu na vyeusi. Wengine hulitumia jaribio hili kuwacheka waonjaji. Mimi silitumii hivyo. Naona linatuambia kwamba tunapoonja, tunanyoosha mkono ghalani kwetu na kuchukua kilicho karibu. Asiye na kitu ghalani atabaki na "nzuri" na "mbaya".

Ghala letu

Haya, ghalani kwetu kuna nini?

Kwanza, majina yenyewe ya kinywaji yana safari. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, kutoka vinho, na wengi waliendelea kulitumia neno hilo kwa pombe yoyote kali. Divai ni du vin ya Kifaransa, iliyoingia pamoja na wamisionari. Maneno mawili ya wageni, na tumeyazoea mpaka hatuyashtukii tena. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakiwezi kuzungumzia divai amechelewa karne kadhaa.

Pili, tunalo neno ambalo lugha nyingi zinalitamani: ukakasi. Kile kinachokausha ulimi na kuvuta mashavu ukila ndizi mbichi au zambarau ambazo hazijaiva, ndicho kilekile kinachoshika ufizi kwenye divai nyekundu. Vitabu vya divai vinahangaika kukieleza kwa mafumbo ya hariri na mahameli. Mtoto wa Tanga anakijua tangu alipopanda mzambarau wa jirani.

Tatu, matunda makavu. Plamu kavu wengi wetu hatujaionja, na hakuna sababu ya kuibeba. Tunazo tende, na siyo tende moja: ipo ngumu inayotafunwa kama peremende, na ipo laini inayoshikamana na vidole. Upo ukwaju, wenye utamu mweusi na uchachu mkali kwa pamoja, na hakuna tunda linalofanana zaidi na kile kinachotokea Corvina inapokauka bila kupoteza ukali wake. Zipo karafuu na mdalasini, kwa zile harufu za pipa la mbao. Upo hata uvundo, kwa chupa iliyoharibika.

Na ikiwa mtu atataka kujua Amarone ikoje bila kutia tone mdomoni, mwambie akae barazani jioni, anywe kahawa chungu na tende. Aume tende, kisha anywe kahawa kabla utamu haujaisha ulimini. Ule mgongano wa utamu mzito uliokauka na uchungu unaosafisha mdomo ndio uliompata Lucchese mbele ya pipa lake. Watu wa mwambao wameujua mgongano huo vizazi na vizazi, tena kwa halali.

Haya si mazungumzo ya kujifurahisha tu. Dodoma wanalima zabibu za divai kwenye nyanda kame zenye kimo cha mita 1,100 hivi, na hali ya hewa inawaruhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Verona anaweza kuliota tu. Aina nyekundu inayojulikana zaidi huko imepewa jina la mahali, Makutupora. Divai zake nyingi watu wanazijua kwa neno moja: tamu. Wanaozipenda husema tamu, wanaozidharau nao husema tamu, na mazungumzo yanaishia hapo. Wakati huohuo kilio cha wakulima cha soko na bei ni cha miaka mingi, kwa sababu zabibu mbichi haisubiri mnunuzi.

Sisemi kwamba maneno yatajenga kiwanda. Lakini kitu kinachoitwa "tamu" tu kinauzwa kwa bei ya kitu kitamu, na yuko wa kushindana nacho katika kila duka. Kitu chenye tende, ukwaju na ukakasi wa zambarau, kilichotoka Makutupora, hakina wa kushindana naye. Waandishi wa Kiswahili wameeleza mapenzi, bahari na njaa kwa namna isiyohitaji kuazima. Divai ya Dodoma haijapata bado mtu wa kuiandikia sentensi tatu za kweli.

Cassiodorus alikuwa ofisa wa serikali mwenye barua ya kuagiza vinywaji. Alitumia alichokuwa nacho, nyama na mlo na rangi ya nguo, na karibu miaka 1,500 baadaye bado tunajua mdomo wa mfalme ulijaa nini. Sisi tunaanza na zaidi ya hapo. Zabibu zilitufikia zikiwa kavu, na jina tunalo tayari.